Kukosoa skripti ya kichekesho ya mwanagenzi: ninavyofanya hapa Mtwara

Kijana akikuletea skripti ya kichekesho, ukaisoma ukamwambia "haichekeshi," hujamwambia kitu. Ukimwambia "iko poa, kaza buti," ndiyo kabisa, umemwacha palepale alipokuwa, tena na furaha ya bure. Majibu yote mawili nimeyatoa kwa miaka mingi kabla sijang'amua kwamba kazi hii inafanana na kubangua korosho. Ukipiga kwa nguvu unaponda kiini, ukiogopa kupiga unabaki na ganda mkononi.

Nilifundisha Kiswahili na kusimamia vikundi vya maigizo vya shule. Siku hizi wanaonijia ni vijana wa mjini, wa Chikongola, Magomeni na Shangani, na wachache wa Mikindani, watu watano wenye simu moja yenye kamera nzuri na daftari moja la mistari. Wanaandika vichekesho vya dakika mbili tatu, wanarekodi, wanasambaza. Nitaeleza ninavyozisoma kazi zao kwa kutumia skripti moja tu, ya kijana anayeendesha bodaboda mchana na kuandika usiku. Ameniruhusu, mradi nisimtaje.

Skripti yake ya kwanza ilikuwa hivi. Mkulima wa korosho anakwenda dukani kuchukua sukari, anasema: "Andika, nitalipa msimu." Mwenye duka anatoa daftari, anaandika. Mkulima anarudi tena kuchukua mchele, kisha mafuta ya kula, maneno ni yaleyale. Njiani anakutana na mlevi wa uraka, ile pombe ya mabibo, mlevi anaanguka kwenye tope. Nyumbani yupo mpwa wake aliyetoka Dar es Salaam, anamcheka mjomba kwa lafudhi yake. Mke anafoka. Mkulima anauza korosho, analipa deni. Mwishoni wahusika wote wanaitazama kamera na kusema kwa pamoja: "Tulipe madeni kwa wakati." Kurasa sita za daftari.

Hatua ya 1: Soma mara ya kwanza bila kalamu

Soma peke yako, mwandishi asiwe amekaa mbele yako anakukodolea macho. Ukitabasamu atadhani umecheka, ukikuna pua atadhani umechukia. Soma moja kwa moja mpaka mwisho kama mtazamaji aliyefungua simu. Ukimaliza ndipo uandike pembeni mahali ulipocheka kweli, hata kama ni pumzi tu iliyotoka puani. Sahihisho la herufi halina nafasi hapa. Walimu wa lugha tuna ugonjwa wa kuona "h" iliyorukwa kabla ya kuona mtu anayelia.

Mimi nilicheka mara mbili. Ya kwanza ni pale mwenye duka alipoinama chini ya kaunta akaibuka na daftari nene kuliko msahafu. Ya pili ilikuwa ukurasa wa tano, katikati ya ugomvi, mke alipomwambia mumewe: "Hata mimi ulinioa msimu. Mahari yangu mpaka leo iko kwenye daftari la baba." Kisha mazungumzo yakahamia kwenye kuni, na sentensi ile haikuguswa tena. Mwandishi alikuwa ameokota dhahabu akaiweka mfukoni pamoja na misumari.

Hatua ya 2: Isomwe kwa sauti, na mwandishi anyamaze

Wape watu wengine wasome, mwandishi akae pembeni. Sharti hili huwakera sana, lakini mwandishi akisoma mwenyewe anaiokoa skripti kwa sura na mikono, na wewe unaishia kukosoa uigizaji wake. Tunakaa kwenye mkeka karibu na uwanja wa Nangwanda Sijaona jioni, kila mtu anapewa mhusika, simu moja inapima muda. Wenye kompyuta huwa na hesabu yao kwamba ukurasa mmoja uliopigwa chapa ni kama dakika moja. Kwa daftari la mkono usiamini hesabu hiyo, pima tu. Skripti hii ilichukua dakika saba na kidogo. Kwa klipu ya simu hizo ni nyingi mno, hasa ukizingatia kwamba sentensi ya "nitalipa msimu" ilisikika dakika ya pili, baada ya salamu, habari za nyumbani, habari za mvua na habari za mgonjwa fulani ambaye hakurudi tena kwenye hadithi.

Watazame wasikilizaji kuliko karatasi. Nani ameshika simu yake? Wakati gani? Andika mstari wenyewe.

Angalia pia maelezo ya ndani ya mabano. Skripti nyingi zinazonifikia zina kitu kama "(anafanya uso wa Majuto)". Marehemu Amri Athumani, Mzee Majuto, aliyetutoka Agosti 2018, aliweza kuingia mlangoni akanyamaza na watu wakashika mbavu. Kipaji kile kilikuwa chake, na hakiandikiki ndani ya mabano. Ukiona mwandishi ameagiza sura ya mtu mwingine ije imalizie kazi, zungushia duara. Pale sentensi imepungua kitu, naye anajua.

Hatua ya 3: Tafuta kituko kimoja

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko hatua nyingine zote, na skripti nyingi za wanagenzi zinaanguka hapahapa.

Kichekesho kifupi kinasimama juu ya ulimwengu wa kawaida wenye kitu kimoja kilichopinda. Duka ni duka la kawaida, sukari ni sukari, ila kuna mtu mmoja ambaye kwake neno "msimu" ni fedha halali. Hicho ndicho kituko. Kazi yote inayobaki ni kuuliza swali moja: kama hili ni kweli, nini kingine ni kweli? Kama sukari inalipwa msimu, je, nauli ya bodaboda? Faini ya polisi? Jino likiuma, daktari ang'oe leo na maumivu yaje msimu?

Mwambie mwandishi aimalizie sentensi hii kwa maneno yasiyozidi kumi na tano: "Hiki ni kichekesho cha mtu ambaye…" Akiweka "halafu" katikati, ana vichekesho viwili. Kijana wangu alisema: "…anakopa kila kitu kwa msimu, halafu kuna mlevi, halafu mpwa wake anamcheka." Akasimama mwenyewe. Akacheka. Mlevi alikufa palepale, sikuhitaji kumuua.

Lakini wengi hawataki kutupa, hasa wakiwa wamecheka sana siku waliyoandika. Hapo huwa nawakumbusha wachongaji wetu. Gogo la mpingo lina weupe kwa nje, na mchongaji anayetaka kinyago cheusi huuchonga weupe wote mpaka akutane na moyo wa mti. Haukumkosea kitu. Mlevi wa uraka aandikwe kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, siku moja atapata kichekesho chake mwenyewe. Mwanagenzi akijua hajapoteza, anakata kwa moyo mweupe.

Baada ya kituko kupatikana, angalia kama kinapanda. Sukari, mchele, mafuta ya kula: hivyo ni vitu vitatu vya rafu moja. Mtazamaji akishasikia cha kwanza, vingine viwili anavijua. Watu husema kichekesho huenda kwa tatu, na ni kweli, lakini tatu ile ina kazi tofauti kila mara. Ya kwanza inaonyesha jambo, ya pili inamfanya mtazamaji adhani ameshaelewa, ya tatu inampeleka asipotarajia. Sukari. Nauli ya bodaboda. Mahari. Ile sentensi ya mke iliyozikwa ukurasa wa tano ndiyo ilikuwa ngazi ya juu kabisa. Usimwambie mwandishi "ihamishe." Muulize: "Kati ya vitu vyote alivyokopa huyu bwana, kipi kikubwa kuliko vyote? Na sasa hivi kiko wapi?" Ataona.

Jambo la mwisho katika hatua hii: nani anashangaa? Kwenye skripti ile mwenye duka alikubali, mke alikubali, mwenye bodaboda angekubali. Wote wakikubali hakuna kilichopinda. Lazima awepo angalau mmoja mwenye akili zake timamu, anayeuliza swali ambalo mtazamaji anataka kuuliza. Nilimuuliza kijana: "Ni nani humu ndani hajawahi kuona msimu wa korosho?" Alitazama daftari muda mrefu. Kisha akasema, "Mpwa." Mpwa wa Dar, aliyeletwa kucheka lafudhi tu, akapata kazi.

Hatua ya 4: Kagua mambo ya mji

Mtazamaji wa Mtwara atasamehe mwigizaji aliyesahau mistari, hatasamehe korosho zilizouzwa vibaya. Kwenye skripti mkulima alipeleka gunia barabarani, akapimiwa, akahesabiwa noti. Hapa tangu 2007 korosho hupita kwenye stakabadhi ghalani: unapeleka chama cha msingi, zinakwenda ghala kuu, unafanyika mnada, ndipo malipo yanaingia benki. Anayenunua kwa kibaba vichochoroni ni mtu wa kangomba, na huyo ni mhusika tofauti kabisa, wa kunong'ona na kutazama nyuma. Ukimweka bila kujua, watu watadhani unataka kusema kitu kuhusu kangomba na watakaa wakingoja ukiseme.

Wanagenzi hudhani ukaguzi wa namna hii ni unoko. Ajabu ni kwamba ukweli mara nyingi huleta kicheko chenyewe. Kati ya kupeleka mzigo na kuona pesa kuna kungoja, na kungoja ni chakula cha kichekesho. Kijana alipoandika upya, mkulima alikuwa anashtuka kila simu inapolia, anaichomoa, anasoma kwa sauti: ujumbe wa kampuni ya simu, kumkumbusha anunue vocha. Sasa mdai naye amekaa pembeni anasikia.

Angalia pia umri wa habari. Mwaka 2018 Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na Jeshi likaingia kusimamia zoezi, kila kikundi kilikuwa na kichekesho cha mwanajeshi anayepanga magunia kwa gwaride. Mwezi ule vilivunja mbavu. Leo ukitaka kukirudia itabidi ueleze kwanza, na kichekesho kinachoanza na maelezo kimechoka kabla ya safari. Hii haina maana habari za siku zisitumiwe. Mwambie mwandishi aharakishe kurekodi, basi.

Hatua ya 5: Ondoa lafudhi, uone kinachobaki

Tuseme wazi. Vichekesho vingi vyenye mtu wa Kusini vimejengwa juu ya "Ntwara," "Nchumbiji" na "nchumari." Mmakonde akifungua mdomo, Dar wanacheka, na vijana wetu wameona kwamba inalipa, wakaanza kujiuza kwa bei hiyohiyo. Mimi simkatazi mtu. Babu yangu alizungumza hivyo na alikuwa mcheshi kuliko wote niliowajua. Ila babu alichekesha kwa alichokisema.

Kwa hiyo jaribio langu ni la kifundi. Mistari yote ya mhusika isomwe kwa Kiswahili cha redioni. Ikichekesha bado, rudisha lafudhi, itanoga zaidi. Ikinyamaza, basi hakukuwa na panchi, yaani lile pigo la kicheko, kulikuwa na sauti tu. Mistari minne ya mpwa kumcheka mjomba ilinyamaza yote minne, na wasomaji watatu kati ya watano waliokuwa kwenye mkeka ni Wamakonde, mmoja Mmwera na mmoja Myao. Walisoma kwa adabu. Ile adabu ndiyo iliyomuumiza kijana, maana mtu wa vichekesho anajua adabu ya wasikilizaji ni nini.

Sisi tuna utani, na utani ni shule nzuri ya jambo hili. Mtani anaweza kuja msibani akaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, na wafiwa wakacheka katikati ya kilio. Anaweza kwa sababu mwendo ule anaujua na wafiwa wanaujua. Angekuja kuigiza mwendo wa "watu wa kabila lile" kwa ujumla, angefukuzwa na sufuria yake. Na mchezaji wa lipiko, yule anayevaa kinyago kwenye ngoma ya Wamakonde, hatangazi kwamba yeye ni bwana mkubwa au kikongwe, watu wanamtambua kwa hatua zake. Muulize mwandishi: mjomba huyu anatembeaje akiwa anadaiwa? Anapita njia gani kuepuka duka?

Kama kwenye skripti kuna jirani halisi, kwa jina lake au kwa alama ambazo mtaa mzima utamjua, mwambie abadilishe kabla ya kurekodi. Klipu ikishatoka hairudi, na tangu 2015 ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao.

Hatua ya 6: Mwisho

Wanagenzi wana miisho ya aina mbili. Ama watu wanapigana mpaka kamera inazima, ama wanageuka kutoa ujumbe. Huu wa pili nadhani tumeulea wenyewe shuleni. Miaka mingi igizo halikuruhusiwa kushuka jukwaani bila kusema kuhusu chandarua, UKIMWI au kuchemsha maji. Mtoto akakua akijua kwamba kucheka ni dhambi inayolipiwa na funzo. Ukikuta "Tulipe madeni kwa wakati," usikejeli. Uliza tu: "Hii sentensi inamchekesha nani?"

Kisha rudi kwenye kituko. Mwisho mzuri hutoka ndani yake, kwa kukigeuza upande wa pili. Nilimuuliza kijana swali moja: "Msimu ukifika kweli, pesa ikaingia, akaenda dukani na noti mkononi, nini kinatokea?" Mimi kichwani nilikuwa na mwisho wangu tayari, kwamba duka limefungwa. Niliuona mzuri sana. Nilijiuma ulimi.

Siku tatu baadaye akaja na huu: mkulima anaweka noti juu ya kaunta kwa mikogo, mwenye duka anahesabu, anafuta ukurasa, anamtazama. "Chenji nitakupa msimu ujao." Giza.

Wangu niliutupa baharini.

Hatua ya 7: Kumwambia

Mambo matatu tu kwa kikao kimoja, hata kama umeona kumi na saba. Anza na mstari uliokuchekesha, uusome kama ulivyo, na useme kwa nini. "Umejitahidi" haimsaidii, "nilicheka kwenye mahari kwa sababu sikuitegemea" inamsaidia. Jambo la pili liwe kituko. La tatu ni lile unaloona litamletea kazi kubwa zaidi, mara nyingi mwanzo mrefu. Mengine yaache yangoje. Kituko kikinyooka, nusu yake yatakufa yenyewe.

Mwambie ana kwa ana, wala si kwenye kundi la WhatsApp. Huko wenzake watatia vikatuni vya kucheka machozi chini ya maneno yako, na hatajua wanacheka nani. Kama ni mkubwa wako kwa umri, mpe heshima yake kwanza, mwamkie, mwache aeleze alichotaka. Niliwahi kukosoa skripti ya mzee mmoja kwa kuanza na ukurasa wa pili, akanisikiliza kwa upole mkubwa, na tangu hapo hakumpa tena mtu mwingine kitu asome, seuze mimi.

Na kalamu yako isiandike badala yake. Binti mmoja wa Lindi aliniletea kichekesho cha abiria wa kivuko cha Kitunda, nikakipenda mno, nikakiandika upya chote kwa usiku mmoja. Wakaigiza maneno yangu. Hakuna aliyecheka, maana mdomo wake na sentensi zangu havikujuana. Hakurudi. Kichekesho chake cha asili kilikuwa na mistari miwili ambayo bado naikumbuka, na yote miwili niliifuta mimi.

Hatua ya 8: Toleo la pili

Akirudi, tazama yale matatu tu mliyokubaliana. Usizue jipya isipokuwa kuna shimo. Skripti ikaongezeka urefu? Mpe muda maalumu: huyu nilimwambia dakika tatu, akarudi na mbili na sekunde arobaini. Salamu zilikuwa zimeondoka, mgonjwa ameondoka, kichekesho kinaanza mkono wa mkulima ukiwa tayari umeshika mfuko wa sukari. Mpwa anauliza maswali, kila mtu anamwona mpwa ndiye kichaa.

Tukaisoma tena kwenye mkeka, na safari hii alikuwepo mama anayekaanga mihogo pale jirani, ambaye hakualikwa. Kwenye mahari alicheka mpaka akaweka chujio chini. Ilipofika chenji akapiga makofi, kisha akamgeukia mwandishi.

"Mwanangu, na ile mihogo yangu ya Ijumaa?"

Kijana akajibu kabla hajafikiri: "Msimu, mama."